Mvua Ikishapita, Udongo Hukaa Nayo Siku Ngapi?

Mwishoni mwa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika wiki kadhaa nyuma, mtu anaweza kutoka Kianjokoma asubuhi na kufika Ishiara kabla ya saa sita akiwa amepita majira mawili. Kianjokoma, pale chai inapopakana na kahawa, ukungu wa gathano, majira ya baridi, umetanda na jua halijaonekana tangu juzi. Jembe likipigwa chini ya mkahawa linarudi na donge jekundu ambalo ukilifinya kiganjani linashikana na kubaki na alama za vidole. Ishiara, mamia ya mita chini zaidi, mahindi yamegeuka makapi, na jembe hilohilo linatimua vumbi. Mawingu yaliyoleta mvua yalikuwa yaleyale, na yaliondoka pamoja.

Hata hapo Ishiara kuna kitu kisicholingana na vumbi hilo. Katikati ya mabua makavu kumesimama mistari ya mbaazi, kijani kabisa, zilizopandwa wakati wa vuli ya mwaka uliopita. Zinakunywa maji fulani. Yako wapi, na yataisha lini?

Wanasayansi wa tabianchi wana jina la jambo hili: kumbukumbu ya udongo. Wanamaanisha muda ambao udongo uliolowa kuliko kawaida yake, au uliokauka kuliko kawaida yake, hubaki hivyo kabla ya kurudi kwenye wastani. Mahali ambapo kumbukumbu ni ya siku kumi, mvua ya Mei haisemi lolote kuhusu Agosti. Ikiwa ni ya miezi mitatu, mvua ya Mei ni habari ya mapema kuhusu mazao na mito, na hata kuhusu joto la mchana. Kwa wakazi wa upande huu wa Mlima Kenya habari kama hiyo ina uzito. Katika kaunti 23 kame na nusu kame ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, huzifuatilia, zimo Embu kwa sababu ya Mbeere, Meru kwa sababu ya Meru Kaskazini, na Tharaka-Nithi kwa sababu ya Tharaka.

Mengi ya yanayosemwa kuhusu unyevu wa maeneo hayo hayatoki kwa mtu aliyechimba. Yanatoka kwenye modeli, yaani programu za kompyuta zinazopiga hesabu ya maji yanayoingia na kutoka ardhini. Modeli hizo zimeboreka sana tangu miaka ya 1960, na fizikia yake ni ya kuaminika. Udhaifu wake uko kwingine: katika udongo na mizizi ambayo zimeambiwa iko chini.

Ndoo ya sentimita 15

Mwaka 1969 Syukuro Manabe, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Princeton, Marekani, alitaka modeli yake ya anga iwe na nchi kavu inayolowa na kukauka. Kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu, hivyo alichagua njia rahisi kuliko zote. Kila kipande cha nchi kavu duniani, kiwe jangwa au msitu, alikipa ndoo moja ya maji yenye kina cha sentimita 15. Mvua hujaza ndoo. Ikijaa, maji humwagika na kuwa mto. Ndoo ikiwa na maji ya kutosha, jua huvuta kadiri linavyotaka. Yakipungua chini ya robo tatu ya kiwango cha kujaa, mvukizo nao hupungua kwa kadiri hiyo.

Ndoo hiyo ilidumu kwa miongo. Mwaka 1988 Manabe na mwenzake Thomas Delworth waliitumia kuuliza swali la kumbukumbu moja kwa moja. Waliazima wazo ambalo Mjerumani Klaus Hasselmann alilieleza mwaka 1976: bahari hupokea vurugu za hali ya hewa za kila siku, lakini kwa kuwa ni nzito huzibadili kuwa mabadiliko ya polepole ya miezi na miaka. Delworth na Manabe walionyesha kwamba udongo hufanya vivyo hivyo kwa mvua. Mvua leo, jua kesho, mawingu keshokutwa; udongo hukusanya yote na kuyatoa taratibu. (Manabe na Hasselmann waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.)

Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa kalamu. Chukua maji ambayo udongo unaweza kuhifadhi, gawanya kwa kiasi ambacho jua na upepo vinaweza kuvuta kwa siku. Ndoo ya milimita 150 na mvuto wa milimita 5 kwa siku, jua la Ishiara tuseme, zinatoa siku 30. Baada ya siku hizo, ziada ya unyevu hubaki kama theluthi moja na kidogo. Baada ya siku 60 hubaki chini ya sehemu moja ya saba. Ukungu wa gathano ukishusha mvuto huo hadi milimita 3, siku zinakuwa 50.

Kwa hiyo ndoo ileile inaeleza sehemu ya tofauti kati ya Kianjokoma na Ishiara: juu kuna mawingu, chini kuna jua. Kanuni pia inaonyesha ni nani mwenye usukani. Ukibadilisha ukubwa wa ndoo kutoka milimita 150 hadi 300, kumbukumbu inaongezeka maradufu bila mvua wala jua kubadilika. Kila modeli iliyofuata imekuwa, kwa namna moja au nyingine, jibu la swali hilo moja: ndoo ya mahali hapa ina ukubwa gani?

Vipimo vya kuthibitisha kanuni hii vilitoka mbali na Afrika. Katika Muungano wa Kisovieti, vituo vya kilimo vilikuwa vimechimba sampuli za udongo kwa miaka mingi, vikazipima, vikazikausha na kuzipima tena. Mwaka 1991 Konstantin Vinnikov na I. B. Yeserkepova walichapisha uchambuzi wa rekodi hizo, na kumbukumbu ya mita moja ya juu ilionekana kuwa ya takriban miezi miwili hadi mitatu. Kanuni ya ndoo haikuaibika. Lakini hiyo ilikuwa ardhi ya tambarare na majira ya baridi kali. Haikuwa na uhusiano wowote na mlima ulio juu ya ikweta wenye misimu miwili ya mvua.

Kutoka ndoo hadi matabaka

Upungufu wa ndoo ni kwamba maji yote humo ni sawa. Tone lililoanguka jana na tone la mwezi uliopita yana nafasi moja ya kupaa. Shambani si hivyo. Kidole kimoja cha juu hukauka kwa siku mbili tatu za jua, ilhali maji yaliyo mita moja chini hayaguswi na jua kabisa. Hutoka kwa mizizi tu, au kwa kuzama zaidi.

Fizikia ya mwendo huo ilikuwa inajulikana tangu 1931, Lorenzo Richards alipoandika mlinganyo wa jinsi maji yanavyovutwa kutoka palipo na unyevu kwenda pakavu, na jinsi uzito unavyoyashusha. Miaka ya 1980, Robert Dickinson na Piers Sellers, kila mmoja na timu yake, waliiongezea nchi kavu ya kompyuta mimea yenye majani, mizizi na vinyweleo vinavyofunga wakati wa kiu. Ndoo ikapasuliwa kuwa matabaka.

JULES, modeli ya nchi kavu ya Uingereza, kwa kawaida ina matabaka manne: la kwanza sentimita 10, kisha 25, kisha 65, na la mwisho mita 2, jumla mita 3. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kimetumia manne pia, mpaka mita 2.89. Modeli ya Marekani iitwayo CLM, toleo lake la tano, inaweza kushuka hadi mita 8.5 kwa matabaka 20. Tabaka la juu husahau kwa siku, la chini hukumbuka kwa miezi, na hivyo swali la mbaazi za Ishiara linapata mahali pa kuulizwa: je, zinakunywa kutoka tabaka la tatu au la nne?

Hapo ndipo maendeleo ya hesabu yanapokutana na umaskini wa taarifa. Ili mlinganyo wa Richards ufanye kazi, kila tabaka linahitaji namba: linashika maji kiasi gani baada ya kuchuruzika, mmea unanyauka yakibaki kiasi gani, na maji hupita humo kwa kasi gani. Namba hizo zikikosewa, matabaka 20 yanakuwa ndoo 20 zilizokosewa.

Chai na mawele katika mraba mmoja

Kabla ya namba za udongo kuna suala la ukubwa. Modeli nyingi za dunia nzima hugawanya sayari katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 100 au zaidi. Kutoka mji wa Embu hadi mji wa Meru, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 70. Mraba mmoja unaweza kuimeza miji yote miwili pamoja na kilele cha Batian chenye mita 5,199, misitu ya Imenti, chai ya Manyatta, kahawa ya Nkubu, na mawele ya Tharaka. Ndani ya kompyuta, mlima huo unakuwa kilima cha wastani, na mvua yake mvua ya wastani ambayo hainyeshi mahali popote.

Waundaji wa modeli wanalijua hilo, na baadhi yao huugawa mraba katika vigae vya mimea: hapa msitu, pale nyasi, pale ardhi tupu. Lakini katika JULES ya kawaida vigae vyote vinachota kutoka safu moja ya udongo. Msitu wa mlimani ukinywa, nyasi za nyanda kavu zinapungukiwa. Ni kama kusema mkulima wa Kianjokoma na wa Ishiara wanatumia kisima kimoja.

Kupunguza ukubwa wa miraba kunasaidia sana. Modeli iitwayo CP4-Africa, iliyoendeshwa na Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza, ilifunika Afrika nzima kwa miraba ya kilomita 4.5, kiasi cha kuonyesha dhoruba moja moja na miinuko ya kweli ya Mlima Kenya. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, modeli hiyo ilipewa aina moja tu ya udongo kwa bara zima: kichanga. Uamuzi huo haukufichwa; umo katika maelezo ya modeli yenyewe, na kwa wale waliotaka kuchunguza dhoruba haukuwa kikwazo kikubwa. Ila kwa mtu anayeuliza kuhusu kumbukumbu ya udongo wa Embu, jibu la modeli hiyo ni jibu la udongo ambao Embu haina.

Mfinyanzi unaofanya kama kichanga

Udongo mwekundu unaozunguka mji wa Embu, Runyenjes, Chuka na sehemu kubwa ya Imenti ni ule ambao wataalamu huuita nitisoli. Umetokana na miamba ya volkano iliyooza kwa muda mrefu, na mara nyingi una kina cha mita kadhaa kabla ya kugusa mwamba. Kwa kipimo cha maabara ni mfinyanzi: zaidi ya asilimia 30 ya chembe zake ni zile ndogo kabisa. Ramani ya dunia inaandika mfinyanzi, na modeli inausoma hivyo.

Anayeulima anajua kwamba hauna tabia ya mfinyanzi wa chungu. Hautelezi wala kutuamisha maji kama udongo mweusi wa nyanda za chini unaopasuka wakati wa kiangazi. Chembe zake zimejifunga katika vipunje vigumu vyenye nyuso zinazong'aa, na mvua kubwa hupita katikati ya vipunje hivyo kwa kasi kama inavyopita kwenye mchanga. Mvua ikikatika, maji yaliyobaki ndani ya vipunje yanashikiliwa kwa nguvu kama mfinyanzi wowote. Udongo mmoja, tabia mbili: ya Aprili na ya Julai.

Namba ambazo modeli nyingi zimetumia kubadili aina ya udongo kuwa uwezo wa kushika maji zilitokana na kazi ya Roger Clapp na George Hornberger ya mwaka 1978, iliyotegemea sampuli zaidi ya 1,400 za Marekani. Mfinyanzi wa huko mara nyingi hupitisha maji polepole na kuvimba ukilowa. Mwaka 2002 Martin Hodnett na Javier Tomasella walilinganisha udongo wa tropiki na wa nchi za baridi wakaonyesha kwamba tofauti ni kubwa: kanuni iliyopikwa kwa sampuli za upande mmoja haifai upande wa pili. Modeli inayotumia mfinyanzi wa Marekani hapa Embu inaweza kumwaga mvua ya Aprili mtoni wakati ambapo kwa kweli inazama, kisha ikaanza Julai na ndoo isiyojaa.

Mizizi nayo ina habari zake. JULES ya awali iliigawa mimea yote ya dunia katika aina tano: miti ya majani mapana, miti ya majani ya sindano, vichaka, na nyasi za makundi mawili. Mahindi, kwa jinsi yanavyojenga chakula chake, huangukia kwenye nyasi. Mkahawa na mmea wa miraa wa Igembe, ambao unaweza kuishi zaidi ya umri wa aliyeupanda, vitahesabiwa ama miti ama vichaka. Hakuna nafasi ya shamba la kweli la Meru, ambamo mahindi, maharage, ndizi na migrivea vinasimama pamoja katika nusu ekari.

Mgrivea, ambao wengi mlimani huuita mukima, ni mfano mzuri wa kinachokosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Machakos walifunga vipima mwendo wa maji kwenye mizizi yake. Wakati wa kiangazi walikuta maji yakipanda kutoka mizizi ya chini na kusambaa kwenye ile ya pembeni. Mvua iliporudi na kulowesha tabaka la juu, mwendo uligeuka: mizizi ya juu ilinyonya maji na kuyashusha chini, mahali ambapo mahindi hayayafikii. Mti mmoja ulikuwa unahamisha kumbukumbu kutoka tabaka moja kwenda jingine. Modeli nyingi hazina bomba hilo.

Mvua ya kompyuta

Hata ndoo iliyopimwa vizuri haiwezi kukumbuka mvua ambayo haikunyesha. Mwaka 2010 Graeme Stephens na wenzake walilinganisha modeli na setilaiti wakakuta kwamba kompyuta hunyesha mara mbili hivi zaidi ya uhalisia, na kwa unyonge mno. Manyunyu ya kila siku badala ya dhoruba ya Jumanne na jua mpaka Jumapili. Kwa udongo tofauti hiyo ni kubwa. Manyunyu hulowesha majani na kidole cha juu, kisha hupaa. Dhoruba ya Mbeere, ikikuta ardhi iliyofunga utando mgumu, nusu inakimbilia korongoni na nusu inazama hadi pale mbaazi inapoisubiri. Jumla ya mwezi inaweza kulingana huku kumbukumbu zikitofautiana kabisa.

Misimu nayo imepindishwa. Modeli nyingi za dunia huzidisha mvua za vuli za Afrika Mashariki na kupunguza za masika. Zaidi ya hayo, masika yalipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 ilhali modeli zilezile zinatabiri kwamba yataongezeka, jambo ambalo watafiti wameliita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Mtu anayesoma makadirio ya unyevu wa udongo wa Meru ya mwaka 2060 anasoma juu ya kitendawili hicho, pamoja na kichanga na ndoo.

Jambo moja halina ubishi mkubwa. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hewa yenye kiu zaidi huvuta zaidi. Katika kanuni ya ndoo, mvuto wa siku ukikua, siku za kumbukumbu hupungua.

Nani anaweza kukagua?

Ukaguzi ulitarajiwa kutoka angani. Shirika la anga za juu la Ulaya lilirusha setilaiti ya SMOS Novemba 2009, na NASA ikarusha SMAP Januari 2015. Zote husikiliza mawimbi dhaifu yanayotoka ardhini yenyewe, ambayo hubadilika udongo ukilowa. SMAP hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku mbili au tatu. Mwaka 2017 Kaighin McColl na wenzake walitumia data zake za mwaka wa kwanza wakakuta kwamba, kwa wastani wa kati, siku tatu baada ya mvua tabaka la juu la nchi kavu huwa bado limeshika asilimia 14 ya maji yaliyonyesha. Kwa tabaka jembamba hivyo, si kumbukumbu haba.

Lakini wembamba huo ndio mpaka wake. SMAP inaona sentimita 5 za juu, katika doa lenye upana wa kama kilomita 40, na majani mazito huifunika macho. Inaiona Mbeere vizuri kuliko Manyatta, na popote pale inaona vumbi kabla ya mbaazi.

Ndiyo maana onyo la Randal Koster wa NASA na wenzake la mwaka 2009 bado linafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayopokea ramani za unyevu. Walieleza kwamba unyevu wa udongo katika modeli si kipimo kinachoweza kulinganishwa na udongo wa shambani moja kwa moja, wala na wa modeli nyingine. Ni fahirisi ya modeli hiyo. Milimita 120 katika modeli moja zinaweza kuwa neema, na katika nyingine zikawa ukame, kwa sababu ndoo zao hazilingani. Kinachosafiri salama ni mlinganisho: Juni hii imelowa au imekauka kiasi gani ukiiweka kando ya Juni nyingine za modeli hiyohiyo?

Koster pia aliongoza mradi uliochapisha matokeo yake mwaka 2004, ambamo modeli 12 ziliulizwa ni wapi duniani udongo uliolowa hurudisha mvua angani. Miongoni mwa maeneo yaliyojitokeza zaidi yalikuwa nyanda za kati za Marekani, Saheli na India. Kenya si mfano wa kwanza wa uhusiano huo. Vuli yake hutawaliwa zaidi na joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, kama El Niño ya 1997 ilivyoonyesha, na kama ilivyoonekana tena katika misimu mitano mfululizo iliyofeli kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Na hata palipo na uhusiano, modeli zinaweza kuugeuza: mwaka 2012 Christopher Taylor na wenzake walitumia setilaiti kuonyesha kwamba mvua za alasiri huelekea kuanguka juu ya udongo mkavu kuliko uliouzunguka, wakati modeli za dunia zilielekea upande wa pili.

Fahirisi ikigeuka kuwa fedha

Kwa Embu na Meru, basi, faida kubwa ya kumbukumbu ya udongo si kutabiri mvua. Ni kujua mapema athari za mvua ambayo tayari imenyesha, au imekosa kunyesha.

Chuo Kikuu cha Reading, kupitia kikundi cha TAMSAT ambacho kimekadiria mvua ya Afrika kwa setilaiti tangu 1977, kiliunda mfumo unaoitegemea kumbukumbu hiyo waziwazi. Modeli ya JULES hulishwa mvua iliyonyesha mpaka leo. Kisha huendeshwa mbele mara nyingi, kila mara kwa hali ya hewa ya mwaka mmoja wa zamani, ili kuona msimu unaweza kuishia wapi. Kama udongo leo ni mkavu mno kiasi kwamba hata mwaka mzuri hautauokoa, onyo linaweza kutolewa kabla mimea haijanyauka. Mfumo huo umejaribiwa kwa Kenya, kwa nia ya kuchukua hatua za mapema dhidi ya ukame. NDMA kwa upande wake hutegemea sana hali ya mimea inavyoonekana kutoka angani kwa wastani wa miezi mitatu. Fahirisi ya hali hiyo ikishuka chini ya 35 ni dalili ya ukame, chini ya 20 ni ukame mkali. Mmea hunyauka baada ya udongo kukauka, hivyo udongo hutangulia kusema.

Ndoo ya zamani nayo haijastaafu. Fahirisi ya mahitaji ya maji ya mazao, iliyoanzia FAO mwishoni mwa miaka ya 1970, ni hesabu ya ndoo moja: mvua huingia, zao huchota kulingana na umri wake, na mwishoni huulizwa limetosheka kwa asilimia ngapi. Inatumika katika tahadhari za njaa, na katika bima ya ukame ya nchi za Afrika, African Risk Capacity, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga nayo mwaka 2014.

Malawi ilionyesha kinachotokea ndoo ikikosewa. Katika ukame wa msimu wa 2015 na 2016 watu takriban milioni 6.5 walihitaji msaada, lakini modeli ya bima hiyo haikuona janga la kulipia. Uchunguzi ulipofanywa, kosa halikuwa kwenye setilaiti wala kwenye mlinganyo. Modeli ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi, na kiu ya zao ilikuwa imehesabiwa kwa kalenda isiyo yake. Dhana hiyo iliporekebishwa, Malawi ililipwa dola milioni 8 hivi, miezi mingi baadaye.

Dhana za namna hiyo zimejaa katika mraba wa Mlima Kenya: kina cha udongo wa Runyenjes, mizizi ya miraa ya Maua, utando wa ardhi ya Siakago, mbegu ambayo mtu wa Gatunga huweka ardhini Oktoba. Hakuna hata moja inayohitaji kompyuta kubwa zaidi. Kazi ya aina hiyo imewahi kufanyika hapa. Jaribio la muda mrefu la samadi huko Machang'a, Mbeere, liliweka rekodi za msimu kwa msimu ambazo mwaka 2004 zilitumika kuipima APSIM, modeli ya mazao kutoka Australia, katika udongo ambao haikuzaliwa nao. Shimo la mita mbili, sampuli za kila tabaka, mizani na tanuri ya kukaushia vingetosha kuzipa modeli namba za hapa badala ya za Marekani. Nitisoli ikipewa kina chake cha kweli na tabia zake mbili, mraba mmoja ukagawanywa kuwa safu tatu nne za udongo kutoka chai hadi mawele, kumbukumbu ya upande huu wa mlima ingeacha kuwa namba moja.

Agosti, gathano inakaribia kuisha. Juu, Kianjokoma, chini ya matandazo ya mkahawa bado kuna ubaridi wa unyevu. Chini, Ishiara, setilaiti inapita kila baada ya siku mbili tatu na kuandika kitu kilekile: kukavu. Watu wanaingia katika mistari ya mbaazi na mabeseni, wanachuma maganda mabichi ya kupika jioni na kuacha yaliyokomaa yaendelee kukauka. Mizizi iliyoyajaza iko zaidi ya mita moja chini ya vumbi wanalolikanyaga.